Trauti wanaibuka mbele yangu lakini hawamgusi nzi: Penns Creek, mwisho wa Aprili

fimbo_namba5 aliuliza:

Wakuu, naomba msaada kwa wanaojua kuvua trauti kwa nzi bandia huku Pennsylvania. Mahali ni Penns Creek, wiki ya nne ya Aprili, saa nane mchana. Mawingu mepesi, maji nyuzi 11 za Selsiasi, nimepima. Wale wadudu wa Hendrickson, wa mtoni wanaotoka majini majira ya kuchipua, wanateremka na maji kwa wingi, mabawa yamesimama kama tanga. Trauti wanaibuka palepale kila baada ya nusu dakika, kwenye kilindi kilicho chini ya sehemu ya mawemawe. Nzi wangu anapita juu ya vichwa vyao, hawamgusi. Akija mmoja kumchungulia, anageuka na kurudi chini.

Vifaa: fimbo ya futi 9 namba 5, mshipi wa kuelea, lida (uzi unaounganisha mshipi na nzi) ya futi 7 na nusu inayoishia 4X (kipimo cha wembamba: namba ikipanda, uzi ni mwembamba zaidi). Nzi ni Hendrickson wa ndoano namba 14 (namba ikipanda, ndoano ni ndogo zaidi) wa mtindo wa zamani, mwenye manyoya ya jogoo yaliyozungushwa shingoni. Nimejaribu pia namba 12 na 16. Nasimama nyuma ya samaki na kutupa kuelekea juu ya mto.

Ninunue nzi yupi? Duka lina mitindo mingi ya Hendrickson huyohuyo, na kuinunua yote ni gharama.

---

bonde_la_chokaa alijibu:

Usinunue kitu bado. Maji yako sawa, saa iko sawa. Hendrickson hutoka mchana maji yakifika kati ya nyuzi 10 na 13, na hapo upo. Shida ni kwamba unatazama wadudu walio juu ya maji, wakati samaki huenda anakula walio nusu ndani.

Mdudu huyu huishi karibu mwaka mzima chini ya mawe akiwa tunutu. Siku yake ikifika anapanda, anapasua ganda mgongoni akiwa amegota kwenye ngozi ya maji, anajivuta nje, anakausha mabawa, anaruka. Ni kama kumbikumbi, tofauti ni kwamba kumbikumbi ana ardhi ya kusimamia na huyu hana. Zile sekunde za kujivua ndizo anaponaswa kirahisi kuliko wakati wowote, na wengine hawamalizi kabisa, wanateremka na ganda likiwa limeng'ang'ania mkiani. Trauti hana haja ya kumkimbilia mwenye mabawa makavu wakati huyu hawezi kwenda popote.

Soma namna samaki anavyoibuka. Ukiona pua imetoka na povu moja au mawili yamebaki juu ya maji, amekula kitu kilichokuwa juu, kwa sababu amemeza na hewa. Ukiona mgongo na pezi tu, pua hujaiona na povu hakuna, anakula sentimita moja au mbili chini ya uso. Tazama samaki mmoja kwa dakika tano kabla ya kutupa. Wengi hawawezi, mikono inawasha.

Jambo la pili: hakikisha ni Hendrickson kweli anayeliwa. Mawingu ya Aprili huleta pia wale wadogo wa rangi ya zeituni, namba 18 hadi 20, na jicho huwaona wakubwa tu. Chukua kipande cha chandarua, kivishe mdomo wa wavu wako wa kutolea samaki, kiweke majini nusu ndani nusu nje kwa dakika mbili chini ya wale samaki. Kitakachonaswa ndicho chakula.

Sasa, tiba ya bure. Chukua nzi wako namba 14, mgeuze tumbo juu, kata kwa mkasi manyoya yote ya jogoo yaliyo upande wa chini hadi yawe sawa na tumbo. Mtindo ule wa zamani humsimamisha nzi juu ya ncha za manyoya, mwili ukiwa hewani. Ukikata, mwili unalala kwenye maji na bawa linabaki juu ili umwone. Mafuta ya kuelea paka bawa peke yake, mkia na tumbo viache vilowe. Nzi mmoja tayari amekuwa wawili.

Ukija kununua, chukua wenye uzi wa kahawia unaoburuta nyuma mfano wa ganda na bawa la manyoya yanayotoka kwenye tezi ya mafuta ya bata. Hao usiwapake mafuta ya kuganda hata kidogo, manyoya yatagandamana na nzi atazama. Unga wa kukaushia ndio wao. Baada ya kila samaki mwoshe utelezi, mkamue kwenye karatasi laini, kisha mtikise ndani ya unga.

---

maji_ya_pembeni alijibu:

Nakubaliana na nusu ya hayo. Nzi aliyekatwa vizuri akiburutwa na mshipi bado hataliwa, na nzi mbaya akielea huru ataliwa mara nyingi kuliko mnavyodhani. Mkuu, lida ya futi 7 na nusu yenye 4X kwenye kilindi cha maji tulivu ndiyo kosa la kwanza. Kosa la pili ni mahali unaposimama.

Lida kwanza. Usiikate. Ongeza tipeti, yaani kipande cha uzi mwembamba, sentimita 90 za 5X mwishoni. Laza nyuzi mbili zikipishana kama sentimita 15, zifunge pamoja kitanzi cha kawaida, pitisha ncha ya lida na tipeti yote ndani ya kitanzi mara tatu, lowesha kwa mate, vuta ncha zote nne kwa pamoja. Kulowesha si adabu ya wazee: fundo kavu hujikwangua na kupata joto, na hapo ndipo linapokatika samaki akivuta. Utapata lida ya futi 10 na nusu hivi. Kwa ndoano namba 14, 5X inatosha. Ukishuka kwenye wale wadogo wa namba 18, weka 6X. Kipimo cha haraka: gawa namba ya ndoano kwa tatu.

Wembamba wenyewe sio siri. Siri ni kwamba tipeti ndefu na nyembamba hutua ikiwa imejikunjakunja, na mikunjo hiyo ndiyo muda wako. Ikishanyooka, nzi anaanza kuvutwa. Kwa macho yako, umbali wa mita 12, haonekani kuvutwa. Samaki anaona. Mtazame nzi pamoja na povu lililo karibu yake: vikiachana hata kwa kiganja, anaburutwa.

Mahali: ukitupa kutoka nyuma, mshipi na lida vinampita samaki kichwani kabla hajamwona nzi. Toka majini taratibu, zunguka mbali, ingia tena ukiwa ubavuni mwake, upande wa juu kidogo wa mto, mita 9 hadi 12. Tupa kwa mshazari kuelekea chini ya mto. Mshipi ukiwa bado hewani, laza fimbo upande wa juu wa mto kwa mkono ulionyooka, ili mshipi utue upande wa juu wa mto kuliko nzi. Kisha fuata kwa ncha ya fimbo na kuachia mshipi kidogo kidogo. Nzi atafika kwanza, uzi nyuma yake.

Usilenge duara ambalo samaki analiacha majini akiibuka. Trauti akimwona mdudu huinuka huku akirudi nyuma na maji, na duara lenyewe huendelea kuteremka baada ya yeye kurudi kwake. Kwa hiyo makao yake yako upande wa juu wa mto kuliko pale ulipoona. Tua mita moja na nusu upande wa juu wa duara, na umbali huo ndio pekee unaotakiwa nzi aelee huru. Asipokula, usinyanyue mshipi juu yake, uache upite kabisa ndipo uuvute.

Akila, subiri. Umesimama upande wa juu wa mto kuliko yeye, ukivuta papo hapo unamtoa nzi mdomoni. Acha afunge mdomo na kugeuza kichwa chini, kisha inua fimbo tu, bila nguvu.

---

fimbo_namba5 aliandika:

Nashukuru sana. Kumbe nilikuwa nalenga duara moja kwa moja. Maswali mawili ya mwisho: 5X haitakatika kwa trauti wa kahawia mkubwa? Na kabla ya saa saba, wadudu wakiwa hawajaanza, mtu anafanya nini?

---

kware_wa_nyeri alijibu:

Kwa swali la asubuhi, njia ya Gura na mito mingine ya Nyeri, Kenya, itakufaa. Trauti wa kahawia waliletwa Gura na mlowezi Ewart Grogan mwaka 1905, na kule hakuna majira ya kuchipua: wadudu hutoka kidogo kidogo mwaka mzima, kinachobadilika ni mvua na rangi ya maji. Ndiyo maana wavuvi wa kule hutupa nzi anayezama, kwa mshazari, na kumwacha azunguke. Huko kwenu njia hiyo hiyo ina saa zake, kuanzia saa tano asubuhi hadi wadudu waanze kuonekana juu, kwa sababu tunutu wa Hendrickson hukosa utulivu na kuanza kupanda kabla.

Tumia nzi mwembamba namba 14, mwili wa kahawia iliyoiva, shingoni mzunguko mmoja na nusu wa unyoya wa kware. Ukizidisha mizunguko haingii majini. Simama upande wa juu wa sehemu ya mawemawe, tupa, pindua mshipi mara moja kuelekea juu ya mto ili azame, kisha usifanye kitu. Mwisho wa safari mshipi unanyooka na nzi anapanda kama tunutu anayetoka. Hapo ndipo anapoliwa. Shika fimbo juu kidogo, kwa sababu ikinyooshwa sawa na mshipi, samaki anagonga uzi uliokaza na unakatika.

---

bonde_la_chokaa alijibu:

5X hubeba karibu kilo mbili au zaidi, na fimbo inayopinda hupunguza mshtuko. Haikatwi na uzito, inakatwa na fundo la upepo, lile linalojifunga lenyewe ukitupa. Pitisha vidole kwenye tipeti kila baada ya robo saa; ukihisi kijiuvimbe, kata na ufunge upya, usijaribu kufungua.

Jioni usiondoke mapema. Hewa ikiwa tulivu na vuguvugu, majike hurudi kutaga juu ya sehemu ya mawemawe, kisha huanguka mabawa yamelala pande zote mbili. Hawaonekani ukisimama. Inama, tazama maji kwa mshazari. Nzi ni namba 14, mwili wa rangi ya kutu, mabawa bapa, na trauti atamla kwa mdomo mdogo kabisa, utadhani ni kasamaki.

Mengineyo kwa ufupi: ukiwa na miaka 16 au zaidi unahitaji leseni pamoja na kibali cha trauti. Vibao vya kanuni hubadilika kadiri unavyotembea ukingoni, na kipande cha kurudisha samaki wote hakiruhusu chambo. Bana kijembe cha ndoano, kile kijino kinachozuia isichomoke, kwa koleo. Lowesha mikono kabla ya kumshika, na asikae nje ya maji zaidi ya muda unaoweza kuzuia pumzi yako mwenyewe. Kipimajoto usikiache nyumbani Juni: maji yakikaribia nyuzi 20, funga fimbo.

Na mawe ya Penns Creek yanateleza kama bamia. Fimbo ya kutembelea, mkanda kiunoni.