Wakuu, mnapimaje uwakilishi kwenye jarida la kitaaluma? Nimehesabu majina nimekwama

Karani_wa_Makala:
Habari zenu wakuu. Mi ni msaidizi wa mhariri kwenye jarida la afya la chuo fulani hapa Tz. Bosi kaniambia niandae ripoti ya ukurasa mmoja, wanawake wangapi wanaandika kwetu na waandishi wanatoka wapi, nikajua kazi ya jioni moja tu. Nikachukua majina ya miaka mitatu nikayatupia programu ya mtandaoni inayokisia jinsia kwa jina. Aisee!! Riziki kafanywa mwanaume, na huyo dada nimesoma naye, Amani kawa mwanamke, halafu kina Juma R. na Mushi E. imewaacha patupu. Nyie mnafanyaje?

Bi_Takwimu:
Pole mkuu, ila hiyo njia achana nayo. Riziki, Amani, Furaha, Zawadi hata sisi wenyewe bila kumwona mtu hatujui, sasa programu ijue nini? Na huyo Juma R. mara nyingi ni jina la baba, fomu inalazimisha "jina la ukoo" basi mtoto wa kike anaingia kwenye jarida kwa jina la mzee wake. Hata wakubwa walianzia kwenye kukisia, Royal Society of Chemistry (chama cha wanakemia cha Uingereza, kinachapisha majarida) ripoti yao ya 2019 ilitumia majina, ila 2020 wakakusanya wachapishaji wengine (sasa wamepita 50) na 2022 wakatoa maswali ya pamoja ambayo mwandishi anajijazia mwenyewe, na kuna kisanduku cha "sipendi kusema". Uliza watu.

mzee wa field:
Naunga mkono kuuliza ila msikopi yale maswali mazima mazima. Kuna swali la rangi pale, sasa jarida la huku karibu kila mtu atatiki Mweusi, utajifunza nini? Kwetu uliza mtu yuko chuo kikubwa cha mjini au hospitali ya wilaya. Halafu usihesabu nchi tu, angalia NAFASI ya jina. Kwenye makala za afya wa kwanza ndo kafanya kazi na wa mwisho ndo bosi, sisi tunazunguka vijijini kuchukua sampuli miezi sita jina linakaa la saba katikati, na kwenye ripoti mtasema "Tanzania imewakilishwa". Lancet wenyewe, lile jarida kubwa la tiba la Uingereza, 2022 walitangaza watakataa makala zenye data za Afrika zisizowatambua watafiti wa Afrika walioshiriki, mjue hali ilikuwaje.

Bi_Takwimu:
Hapo kwenye jina la saba umenigusa 😅
Kingine, usihesabu waliochapishwa peke yao. Mkiwa na wanawake wachache inawezekana hawatumi makala, inawezekana wanatuma mnawakataa, hayo ni matatizo mawili tofauti kabisa na dawa zake tofauti. Kama mnatumia OJS (ile programu ya kupokelea na kusimamia makala za jarida), waliotuma wote wamo humo, hata wale mliowarudisha mezani siku ya kwanza bila kupeleka kwa wapitiaji (wale wataalamu wa nje wanaoipima makala), na hao ndo wa kuangalia sana maana wengine hurudishwa kwa sababu ya Kiingereza tu. Na majibu ya jinsia mhariri anayeshika makala asiyaone. Pia kundi likiwa na mtu mmoja usiliandike kwenye ripoti, ukiandika "mwanamke 1, Zanzibar" kila mtu keshamjua.

Karani_wa_Makala:
Asanteni sana. Bosi ukurasa wake mmoja atausubiri kidogo. Nimeingia OJS usiku huu, waandishi sijawafikia bado, nimeanza na orodha ya wapitiaji na nimeona aibu. Majina yaleyale kila toleo, karibu wote wanaume niliosoma nao au wa idara yetu, na ninayewaalika ni mimi. Huwa naalika yule ambaye namba yake ninayo WhatsApp ili nimsumbue akichelewa.

mzee wa field:
Hahaha basi nitumie namba inbox