Koti la hariri la Kashmir linapwaya, linapunguzika bila kuharibu darizi?

Tausi_K: Wakuu habari za jioni. Nina koti la hariri la rangi ya maziwa, limetariziwa kwa mkono Srinagar: majani ya mti wa chinar mgongoni, maua mekundu hadi ubavuni. Muuzaji wa Muscat alisema darizi hii inaitwa sozni. Linanipwaya mno. Je, linapunguzika bila darizi kuharibika? Harusi ni Jumamosi.

Bint_Mrima: Linapunguzika dada, ila si kwa mkasi. Fumua bitana pindoni kama sentimita 15, pindua koti kupitia hapo, kisha ingiza mshono wa ubavuni sentimita 1.5, mbele na nyuma. Kwa mbavu mbili umepunguza 6. Ziada isikatwe, ilazwe ndani. Sindano ya cherehani namba 60 au 70, na pini zichomwe kwenye ziada tu, maana hariri haisamehe tundu.

Kibabu: Ugali na maharage hadi Jumamosi, koti litakaa lenyewe.

Mzee wa Udi: Mtakapomaliza, asilifukize. Mafuta ya udi yakirukia hariri nyeupe yanaacha duara la manjano. Afukize mtandio tu.

Nakshi_2: Tausi, mbona umeuliza kuhusu darizi kuharibika? Kuna mtu ameshaligusa?

Tausi_K: Nyuzi zimetoka kidogo ubavuni. Si sana.

Nakshi_2: Hazitoki zenyewe. Zimekatwa?

Tausi_K: Haya. Fundi ameshakata sentimita 3 kila upande. Lakini ni fundi wa suti, anaaminika, nimeshamlipa nusu, na kesho anapiga ovaloki kingo zote. Si itazuia nyuzi kutoka?

Bint_Mrima: Ulituuliza kama linapunguzika, kumbe limeshapunguzwa! Dada, mtu hakati kwanza akauliza baadaye.

Nakshi_2: Ovaloki haitazuia. Kisu cha mashine hiyo kitakula milimita kadhaa zaidi za ukingo na kukata vitanzi vipya. Katika mshono wa mnyororo kila kitanzi kinashikwa na kinachofuata. Ukiukata katikati, kitanzi cha mwisho cha upande ulikoanzia darizi hubaki bila mshikaji, na ukivuta uzi wake, ua zima linafumuka kama sweta. Upande wa pili hautakusumbua sana.

Sio_Mjinga: Hii chai. Sozni ni sindano nyembamba na mishono midogo, tumeizoea kwenye shali za pashmina. Haifumuki hivyo. Kinachofumuka ni aari, kazi ya kulabu. Ama hujui ulichonacho, ama koti halipo. Picha?

Kibabu: Chai na maharage sasa.

Tausi_K: Simu yangu haipandishi picha. Nilirudia neno la muuzaji tu, jamani.

Nakshi_2: Picha si lazima. Chungulia upande wa ndani, chini ya bitana. Unaona nini?

Tausi_K: Mistari ya mishono mifupi inayofuatana, rangi zilezile za juu. Huku na huku kuna vifundo. Juu ni vitanzi.

Sio_Mjinga: Basi ni aari, na vifundo vyako vinaonyesha mkono. Ya kompyuta ingekuwa na uzi mwembamba wa chini, mara nyingi mweupe kila mahali. Nimekubali koti lipo. Muuzaji ndiye aliyekunywesha chai.

Nakshi_2: Sasa fanya hivi leo. Usivute uzi wowote. Chukua sindano nyembamba na uzi mmoja wa hariri wa rangi ileile. Kwa kila kitanzi kilichoachwa wazi, toka ndani ya kitanzi, ruka ukingo wake, rudi chini, ukikibana kwenye kitambaa. Mkia wa uzi upeleke nyuma, upitishe chini ya mishono minne au mitano, ndipo ukate. Gundi hapana: inakauka ngumu na kuacha doa. Fundi ashone ubavu baada ya hapo, na ukingo apindie utepe mwembamba wa hariri kwa mkono.

Bint_Mrima: Pasi iwe ya moto mdogo, koti limelazwa kifudifudi juu ya taulo. Maji usinyunyizie. Kabla ya yote bonyeza pamba nyeupe yenye unyevu juu ya ua jekundu. Ikitoka na rangi, dobi asiliguse hilo koti.

Tausi_K: Nimempigia, ovaloki imesimama. Analalamika, ila nusu ya pesa bado ninayo mimi. Sindano nyembamba hivyo naipata wapi Kariakoo?

Nakshi_2: Kwenye maduka ya vifungo na zipu. Ulizia ya kushonea shanga.