Bando zimepangwa makusudi tusiweze kulinganisha bei, na TCRA (mamlaka ya mawasiliano) wapo wanaangalia

Wakuu, habari zenu. Nimevumilia vya kutosha, leo naomba niseme.

Kuna mtu humu anaweza kunitajia, bila kubahatisha, mtandao wenye intaneti ya bei nafuu kuliko yote Tanzania? Tuna Voda, Airtel, Yas (Tigo ya zamani), Halotel na TTCL. Uliza kijiweni, kila mmoja atataja wake na atakutolea ushahidi, kwa sababu hakuna wawili wanaonunua kitu kimoja.

Fungua menyu. Huyu anakuuzia MB zikiwa zimefungwa pamoja na dakika na SMS ambazo hukuomba. Yule anakupa MB nyingi, ukisoma mpaka chini unakuta nusu ni za usiku wa manane. Mwingine kaandika GB kwa herufi kubwa, kumbe sehemu yake ni za WhatsApp na Facebook tu. Kimoja cha saa 24, kingine siku 3, kingine wiki. Utalinganisha vipi?

Na kinachoniuma zaidi ni ile menyu ya "ofa yako". Mimi na mke wangu tuna laini za mtandao mmoja, tunalala nyumba moja, tunashika mnara mmoja. Kwa hela ile ile, siku ile ile, yeye anapewa MB nyingi kuliko mimi. Nikapiga huduma kwa wateja, nikaambiwa ofa inategemea matumizi ya mteja. Kwa hiyo mimi ninayejiunga kila wiki bila kukosa ndiye wa kuuziwa ghali, maana wanajua siondoki! Mangi akimuuzia jirani yangu kilo ya sukari kwa bei tofauti na yangu, mtaa mzima utajua kabla ya jioni. Kwenye simu kila mtu anaona bei yake peke yake, hakuna wa kumuuliza.

Bei elekezi ya TCRA kwa MB moja ilitangazwa kuwa kati ya Sh 2.03 na Sh 9.35. Pigeni hesabu. GB moja inaweza kuuzwa kama Sh 2,079 au ikafika Sh 9,574, na zote ziko ndani ya mstari. Mwanya wa zaidi ya mara nne! Mwongozo wa aina hiyo unamlinda nani?

Najua watakuja wa kodi. Ni kweli, kuna VAT asilimia 18 na ushuru wa bidhaa juu yake, na ni mzigo. Ila kodi hiyo ni moja kwa mitandao yote na kwa laini zote. Haielezi kwa nini mke wangu apate zaidi yangu.

Wengine watasema hama. Kuhama na namba yako kumeruhusiwa tangu Machi 2017: unaenda kwa wakala wa mtandao unaoutaka, unatuma neno HAMA kwenda 15080. Nihamie wapi sasa, ikiwa bei halisi ya kule siioni mpaka niwe mteja wao? Na kabla ya kuondoka utoe hela yote kwenye akaunti ya simu. Mwenye biashara inayopokea malipo kwa namba hiyo hawezi kucheza nayo hivyo kila akisikia ofa.

Halafu kuna hili la muda kuisha. Mwezi uliopita mnara wa kwetu ulizima Ijumaa jioni. Uliporudi Jumapili usiku, wiki ya bando langu ilikuwa imekwisha na MB zote zimefutwa. Huduma hawakunipa, hela wamekula. Nimelalamika, sijarudishiwa hata MB moja. Kenya, Safaricom walileta bando zisizoisha muda Oktoba 2019 na kampuni haijafa.

Msiniambie TCRA hawana meno. Kwenye kupiga simu waliweza. Gharama ya mitandao kuunganishiana, yaani ile mtandao mmoja unaulipa mwingine simu ikivuka, ilikuwa Sh 15.60 kwa dakika mwaka 2018, wakaishusha mwaka hadi mwaka mpaka Sh 2 mwaka 2022, na leo dakika za mitandao yote ni jambo la kawaida. Kanuni za vifurushi za 2021 nazo zinataka upewe taarifa bando likifika asilimia 75 na likiisha, na uulizwe kabla ya kuanza kukatwa kwenye salio. Aprili 2021 bei mpya zilipotoka wananchi wakapiga kelele, serikali ikazisitisha. Kelele zinasikika.

Ninachotaka: kila kifurushi kwenye menyu kiandikwe bei ya MB moja, MB za usiku na za mitandao ya kijamii zihesabiwe kando. Bei iwe moja kwa wateja wote. Na mnara ukizima, muda wa bando usimame.

Tuanze wenyewe. Wekeni hapa chini: mtandao, mkoa uliopo, kiasi ulicholipa, MB ulizopata za muda wote, na siku. Picha ya menyu ni bora zaidi, ila ficheni namba zenu. Nitazipigia hesabu ya MB moja moja na kuziweka kwenye jedwali hapa hapa, kisha tunaliambatanisha na malalamiko ya maandishi TCRA. Wa mikoani msikae kimya, hasa mnaotumia laini za "ofa yako".