Naomba ushauri: proksi yangu inakata majibu ya seva

Wakuu, habari za jioni. Natengeneza programu ya simu ya kuagiza gesi, na nataka kuona inavyofanya seva ikijibu ovyo: bei hasi, orodha tupu, kosa la 500 (seva yenyewe imeharibikiwa). Nikaandika proksi yangu, yaani programu inayokaa kati ya simu na seva, kwa Python. Inakaa kwenye laptopu, poti 8080, simu inapitia hapo kwa Wi-Fi, na skripti ndogo ndiyo inaamua kipi kibadilishwe.

Cheti cha HTTPS, kinachoifanya simu iiamini proksi, ndicho kilinitoa jasho kwanza. Kivinjari kilikubali, programu yangu ikagoma. Kumbe tangu Android 7 programu haziamini cheti alichoweka mtumiaji mpaka uruhusu kwenye network_security_config, faili la mipangilio ya usalama wa mtandao la programu. Hilo nimelimaliza, kwa toleo la majaribio tu.

Sasa nikibadili "bei":24000 iwe "bei":"haijulikani", jibu linafika limekatika mkiani, mabano ya mwisho hayapo. Kosa ni Content-Length, mstari unaotaja ukubwa wa jibu kwa baiti, kubaki na hesabu ya zamani. Nikihesabu upya linapona, lakini majibu ambayo seva imeyabana kwa gzip ili yawe madogo yanatoka takataka. Nikiondoa Accept-Encoding (mstari unaoiambia seva kuwa simu inapokea majibu yaliyobanwa) kwenye ombi mambo yanatulia, ila naona najidanganya, maana simu ya mteja haitafanya hivyo.

Mliopita njia hii: niendelee kufungua na kubana upya mwenyewe, au nihamie mitmproxy, proksi iliyokwisha kutengenezwa, ambako flow.response.text inafanya yote hayo? Na picha kubwa mnazipitishaje bila kujaza RAM? Laptopu yangu ina GB 4 tu, msinicheke.