Mrejesho: padi za gemu zisizojaa chaji
Wakuu, ni mimi niliyeuliza kwa nini padi zangu mbili za Xbox zinalala kwenye chaja ya kusimamishia usiku kucha, halafu zinazima kabla ya mechi ya pili. Aliyeniuliza waya nimechomeka wapi alinikamata. Nyuma ya TV! Ikizimwa, tundu la USB nalo linakata. Hata ikiwaka, pameandikwa ampea 0.5 tu. Nimehamishia kwenye adapta ya simu, volti 5 ampea 2. Moja imepona. Ya pili taa ilikuwa inapepesa, kumbe vile vishaba vya betri vinavyogusana na chaja vimeganda vumbi la Mwanjelwa na mafuta ya chipsi. Pamba na spiriti, kwisha. Mliosingizia baridi ya Mbeya, poleni.