Nimeita mlock, mbona kurasa bado zinahama?

mawimbi254: Wadau, naandika draiva ya kadi ya kunasa mawimbi ya redio, tuko karakana moja hapa Ngong Road. Programu inatenga bafa (eneo la kumbukumbu la kupokelea data) ya megabaiti 64 na kuifunga kwa mlock, ombi la kuiambia Linux isiitoe kwenye RAM. Draiva inatafuta anwani halisi za kurasa (vipande vya kumbukumbu vya baiti 4096), inaipa kadi, kadi inaandika yenyewe kwa DMA, yaani moja kwa moja kwenye RAM bila kupitia CPU. RAM ikianza kujaa, data inakuja na takataka, na kila kipande kibovu kinaanzia na kuishia kwenye mpaka wa baiti 4096. Si mlock ndiyo huzuia kurasa kuondoka?

mzee_wa_keneli: Kijana wangu, huo mpaka wa 4096 umeshakujibu. Ukurasa mzima umehamishwa, kadi inaendelea kuandika pale ulipokuwa. mlock huahidi kwamba ukurasa utabaki kwenye RAM, basi. Keneli, kiini cha Linux, ikihitaji nafasi iliyoshikana, tuseme ya ukurasa mkubwa wa megabaiti 2, hunakili ukurasa wako kwingine na kurekebisha jedwali linaloonyesha ukurasa uko wapi. Programu haioni kitu, anwani yake ni ile ile. Kadi haisomi jedwali hilo.

Kwenye draiva, zibane kurasa zisihame: tumia pin_user_pages_fast() pamoja na FOLL_LONGTERM (alama ya kubana kwa muda mrefu), ipo tangu familia ya Linux 5.6 ya mwaka 2020. Ukurasa wa kawaida ukibanwa hivyo, hesabu yake ya marejeo (idadi ya wanaoushikilia) hupanda kwa 1024. Keneli ikija kuuhamisha inakuta hesabu hailingani na inayoitarajia, inauacha. FOLL_LONGTERM nayo huzitoa kwanza kurasa zilizo ZONE_MOVABLE au CMA, maeneo ya RAM yanayotakiwa kuwa na kurasa zinazohamishika tu, ndipo izibane. Hilo ni muhimu sana: ukurasa mmoja uliogoma kuhama huko unaharibu eneo zima.

mawimbi254: Asante mzee. Na nikiweka mpangilio wa keneli compact_unevictable_allowed uwe 0, haitoshi?

mzee_wa_keneli: Haitoshi. Hiyo inazuia ule upangaji wa kushikanisha nafasi tu, uhamisho mwingine, kama wa NUMA (kusogeza ukurasa karibu na CPU inayoutumia), unaendelea.

dada_draiva: Naongezea: kadi ikimaliza, ondoa ramani ya DMA (anwani ilizopewa kadi) kwanza, halafu achilia kurasa kwa unpin_user_pages_dirty_lock() na true, yaani ziwekwe alama kuwa zimebadilika, maana kadi imeandika na keneli haijui. Usiachilie kwa put_page(), hesabu itaharibika. Na uachilie pia kwenye release ya faili (kazi ya draiva inayoitwa faili yake ikifungwa), programu ikiuawa katikati ya kazi kurasa zisibaki zimebanwa. Simamisha kadi kwanza lakini!