Fundi wa kuchomelea anakuja nyumbani Jumamosi, niandae nini kabla hajafika?

Komeo Bovu:
Wakuu, salaam.

Geti langu la chuma limelala. Bawaba ya juu imeachia kwenye nguzo, ya chini imebaki peke yake, na ukitaka kufunga komeo lazima ulinyanyue kwa bega. Nimempata fundi anayezunguka na mashine yake kwenye pikapu, anakuja Jumamosi asubuhi. Kwa kuwa keshafika, nataka amalizie na reli ya ngazi ya nje inayocheza, halafu akate pipa la chuma liwe la kuchomea taka.

Kwenye simu aliniuliza swali moja tu: "Umeme upo?" Nikasema upo. Malipo yake ni kwa saa, ndiyo maana sitaki aanze kusubiri mimi nahamisha vitu. Geti ni la mabomba ya galvanaizi yaliyopakwa rangi, lina mota, pembeni kuna majani makavu, na gari hulala hatua chache kutoka hapo. Nikwangue rangi mwenyewe au nitakuwa namwingilia kazi?

Fundi Mstaafu:
Kwangua, wala hutamwingilia. Hakuna fundi anayefurahia kulipwa kusugua kutu ya mtu. Brashi ya waya na msasa, sentimita 3 hivi kila upande wa panapochomelewa, mpaka chuma king'ae. Rangi, kutu na grisi vikiungua hutoa gesi, na gesi hiyo ikinaswa ndani ya mshono unabaki na vitundu kama sifongo. Ukitaka kuondoa grisi, futa kwa kitambaa na maji ya sabuni, kisha kausha. Usitumie dawa za kupuliza za kusafishia breki: baadhi zina klorini, na mvuke wake ukikutana na mwanga wa kuchomelea unaweza kugeuka fosjini, sumu halisi ya mapafu. Na kama rangi ni ya zamani sana usiisugue kavu, huenda ina madini ya risasi. Ilowanishe kwanza.

Ila kazi kubwa zaidi kwako ni kuliweka geti mahali pake KABLA hajafika. Jeki ya gari chini, kabari za mbao, pimamaji juu, mpaka komeo liingie lenyewe bila bega lako. Weka alama ya chaki kwenye nguzo. Fundi akichomelea bawaba geti likiwa bado limeinama, atakuwa amelikaza upinde wake milele.

Halafu mtumie picha leo: moja ya karibu, moja ya mbali, na moja yenye futi ya kupimia juu ya bomba ili ajue unene. Na hakikisha ni chuma cha kawaida. Chuma cha kuyeyusha na kumwaga kwenye kalibu, kama yale mageti ya maua ya kizamani, hupasuka ukikichomelea kienyeji. Kina vijiti vyake na utaratibu wake wa kupasha moto.

Nyasi Kavu:
Mimi nazungumzia hayo majani makavu. Wengi hufagia mita mbili tatu wakaona imetosha. Kanuni ya Marekani ya kazi za moto, NFPA 51B, inataka vitu vinavyoshika moto viondolewe hadi mita 11 kuzunguka kazi, na kisichoondoka kifunikwe. Cheche ikidondoka hubingirika, huingia kwenye ufa, chini ya mlango, ndani ya rundo la majani, ikatulia humo.

Fyeka, kusanya, mwagia maji eneo mapema, lakini si pale fundi atakaposimama: umeme na udongo uliolowa havipatani. Weka mpira wa maji tayari na mtungi wa kuzimia moto. Kwenye ile reli ya ngazi, tazama upande wa PILI wa ukuta. Kama chuma kimepenya ukuta, joto linapita nacho mpaka kwenye mbao au pazia la ndani huku nyie wote mko nje.

Akimaliza usikimbilie kumsindikiza ukaingia kulala. Kanuni hiyo hiyo ilitaka nusu saa ya kulinda eneo baada ya kazi. Toleo la 2019 likaongeza ikawa saa nzima.

Waya Mwekundu:
"Umeme upo" si jibu, mkuu. Mashine ndogo ya inveta ikitoa amperi 100 kwenye kijiti, huvuta amperi kati ya 12 na 18 ukutani kwenye volti 230. Zile za transfoma huvuta zaidi. Soketi nyingi za nyumbani ni za amperi 10 hadi 16, na hapo hujawasha pasi wala pampu. Muulize mashine yake inataka amperi ngapi, kisha angalia breka ya soketi iliyo karibu na geti. Kama hazilingani, aje na jenereta.

Ekstensheni iwe ya waya mnene, milimita mraba 2.5, na ikunjuliwe YOTE. Ukiiacha imeviringishwa kwenye gurudumu lake inajipika yenyewe.

Mota ya geti: zima umeme wake, chomoa betri, na ikiwezekana tenganisha mkono wake na geti. Klampu ya ethi, ile inayorudisha mkondo kwenye mashine, ibanwe karibu kabisa na panapochomelewa, upande huo huo wa bawaba. Ukiibana mbali, mkondo unapita katikati ya bawaba na beringi na kuzila, au unarudi kwa kupitia bodi ya umeme ya mota. Gari litoe tu nje.

Komeo Bovu:
Nashukuruni sana. Pipa je? Lilikuwa la dizeli, limekaa wazi mwaka mzima, halina hata harufu.

Fundi Mstaafu:
Hilo pipa litoe kwenye orodha. Dizeli iliyojificha kwenye mikunjo ya kingo huenda usiisikie harufu ikiwa baridi. Moto ukifika inageuka mvuke, na mvuke uliochanganyika na hewa ndani ya pipa ni bomu. Kuna watu wanaoweza kulisafisha kitaalamu, lakini kwa pipa la taka haifai hata hesabu yake. Na kama fundi akikwambia "hamna shida, lete", mshukuru, lifiche.

Moshi Mweupe:
Nyongeza kwenye galvanaizi, yaani chuma kilichopakwa zinki. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, ilhali chuma huyeyuka karibu na 1,500, kwa hiyo zinki yote pale inapaa kuwa moshi mweupe kabla chuma hakijalainika. Ukiuvuta, jioni unapata homa, baridi na maumivu ya viungo kama malaria. Maziwa ambayo mafundi hunywa hayazuii kitu, moshi unaingia kwenye mapafu, si tumboni. Mwambie mapema ni galvanaizi aje na barakoa yake na asage hiyo zinki kwanza. Wewe simama upande unakotoka upepo.

Bibi Shangazi:
Hamjasema watoto. Mwanga ule huunguza macho bila kuuma, maumivu huja saa kadhaa baadaye, kama mchanga umejaa jichoni. Wafungieni ndani, mbwa naye afungiwe, na majirani waambiwe. Na vioo na vigae vilivyo karibu na ngazi, wekeeni ubao au bati. Cheche za grenda hung'ang'ania kwenye kioo hazitoki, na kwenye vigae huacha vidoadoa vya kutu.

Komeo Bovu:
Sawa, Shangazi. Picha nimetuma, kajibu anakuja na jenereta. Swali la mwisho: naweza kupaka rangi siku hiyo hiyo?

Fundi Mstaafu:
Ndiyo, kikipoa chenyewe. Usikimwagie maji kukiwahisha. Agonge gamba la juu ya mshono, apige brashi ya waya, kisha wewe upake rangi ya zinki pale alipoichoma ya kiwandani, halafu rangi yako. Na fungua na kufunga geti mara kadhaa kabla hajapakia mashine kwenye pikapu.